Mjusi wa Mawe ya Msimbati

Niliondoka Dar es Salaam kwa sababu mbili. Ya kazini ilikuwa mjusi. Ya nyumbani, mke wangu alikuwa amefariki na nyumba ile ilikuwa imenishinda. Kazi yangu kwenye jumba la makumbusho ilikuwa kupanga chupa za mijusi-islamu wa visiwa vya Asia, wale wembamba wenye magamba yanayong'aa. Kundi moja kati yao halifumbi macho: kope zimeungana zikawa gamba angavu, kama jicho la nyoka. Nikamwambia mkuu wangu kwamba mijusi wa namna hiyo niliwahi kuwaona pwani yetu ya kusini, kwenye mawe ya matumbawe. Akacheka. "Walivukaje bahari yote hiyo? Mlete mmoja, mwenye mkia mzima. Usipomleta, kundi litabaki la Asia peke yake." Mimi na ubishi wangu, nikafunga mzigo.

Njiani basi lilitutesa. Rufiji tulisubiri kivuko mpaka jua likatuchoma. Abiria wenzangu waligawana mihogo wakanikaribisha, nikasema nimeshiba. Uongo mtupu! Tangu msiba sikuweza kula mbele za watu.

Mtwara nilipanga chumba Shangani. Jioni watu walipita wakipunga upepo na wake zao, nikafunga dirisha. Asubuhi nikapata lori la Msimbati, karibu na mdomo wa Ruvuma. Kwa sababu ya vita vya ng'ambo ya mto, askari walimpekua kila mgeni.

"Chupa tupu za nini?" mmoja wao akaniuliza.

"Za mijusi."

"Mzee, uko sawasawa kweli?" Akanipisha huku akitikisa kichwa.

Msimbati nilipokelewa na Bi Fatu, mjane aliyeishi kwa kusokota kamba za makumbi ya nazi. Nikamwamkia, nikamwambia nataka mijusi. Lo, kosa gani hilo! Kulipokucha nilikuta mlangoni rundo la mijusi-kafiri wa ukutani, vichwa vimepondwa. Kwa majirani kumuua huyo ni thawabu, na sasa mgeni anawaomba mwenyewe!

"Umeridhika, mwanangu?"

"Siyo hawa, bibi. Namtaka yule mweusi wa kwenye mawe."

Uso ukambadilika. "Yule ni mjusi-islamu. Huyo hauawi."

Basi nikatambaa kwenye mawe peke yangu, maji yakitoka. Niliwaona vizuri tu, wakifukuza vidudu hadi mawimbi yanapovunjika. Kila nikinyoosha mkono, kaingia kwenye ufa. Watu walinisalimu kwa mbali wakaendelea na yao.

Siku moja kabla ya lori kurudi, Bi Fatu alinikuta uani nalia.

"Unamlilia mjusi?"

"Namlilia mke wangu, bibi."

Sikuwa nimeyasema maneno hayo kwa mtu yeyote. Akaketi. Nikamweleza yote, mke na mjusi, na lile jicho lisilofumba.

"Na nduguze wote wako huko Asia?"

"Ninaowajua mimi wamo kabatini kwetu kazini."

"Na huku hana mtu."

"Hana."

Akasokota kamba yake, kisha akasema, "Kumuua bure siwezi kukubali. Kumpeleka kwa nduguze, hilo ni jambo jingine." Nikamwahidi kwamba nitampeleka.

Asubuhi alinifungia kitanzi cha uzi mwembamba kwenye ncha ya chelewa, kile kijiti cha ukuti wa mnazi, akanionyesha namna ya kukipitisha shingoni polepole, kisha akageuka asione. Nikampata mmoja, mkia mzima.

Chumbani Shangani nilimtia kwenye spiriti. Kwa kuwa hafumbi macho, sikujua alikufa saa ngapi. Nilikaa naye muda mrefu nikimwomba radhi.

Dar es Salaam mkuu wangu alihesabu magamba ya mgongo, akatazama vidole, akachungulia jicho kwa lenzi. Mwisho akaniangalia.

"Umenishinda, bwana. Ni wa kundi hili hili."

Akanipa mkono wa pongezi, akaenda kwake kula. Nikasogeza chupa za Asia, nikamweka wangu katikati. "Haya, umefika kwenu," nikamwambia, maana nilikuwa nimemwahidi Bi Fatu.

Nilichojifunza safari ile ni kwamba mjusi yule ana ndugu, na kwamba mtu akishinda ubishi mkubwa wa maisha yake, wa kwanza anayetaka kumkimbilia amwambie ni yule ambaye yeye mwenyewe amekwisha kumzika.