Kichwa Nusu na Kentucky

Keti nikusimulie. Juzi, kwenye jengo la maduka na saluni la Galerie d'Ixelles, nilimwona binti amesukwa upande mmoja tu, nikacheka kwa kukumbuka utoto wangu.

Saluni ilinukia mafuta ya nazi siku ile, msusi Maman Béa akinisuka kulia, mwenzake Maman Solange kushoto, nami nikijisomea somo la kesho kwa sauti: jimbo la Kentucky lilikuwa na watumwa, lakini vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka halikuiasi serikali kama majimbo mengi ya watumwa.

«Basi walikuwa watu wazuri,» nilisema.

«Alors, wazuri namna gani, na batumwa mu nyumba?» aliwaka Maman Béa.

«Bon, lakini hawakuasi!» alijibu Maman Solange.

Mikono ilisimama. «Sema, mutoto, uko upande gani?»

«Katikati.»

Wote wawili walininunia, wakaniacha na kichwa nusu. Kesho yake nilienda shule na kofia.

Leo najua Kentucky ilishikamana na serikali bila kuwaachia huru watumwa wake. Nawe ukisukwa na wawili, nyamaza mpaka msuko wa mwisho.