Mkokoteni wa Kurudia

Waliokuja kuanzisha makazi haya ya mtoni walitoka nchi kame, na kosa lao lilikuwa la watu wa nchi kame: walijenga kwa matofali mabichi, yaliyokaushwa na jua tu. Kule kwao ukuta wa namna hiyo humzidi umri aliyeujenga. Hapa mto ulifurika msimu wa kwanza, na kulipokucha nyumba zilikuwa zimerudi kuwa tope.

Wengi walianza kufungasha. Mke wa seremala alichukua jembe, akapanda kwenye mwinuko, akaanza kufyatua matofali upya, safari hii ya kuchoma. Wakambandika jina, Mama Tofali, kwa kejeli. Wifi yake alimuuliza kama ameamua kupika udongo baada ya chakula kumshinda. Akacheka, akampa wifi kalibu ya kufyatulia. Wifi akashinda hapo, akifyatua na kulalamika.

Seremala hakubisha wala hakukubali. Masharti yake yalikuwa mafupi: mvua zikirudi kabla matofali hayajaiva, wanaondoka. Na kila jioni aliupaka mafuta mhimili wa mkokoteni uliowaleta, kazi ya mikono yake mwenyewe.

Tanuri likapangwa, likakandikwa. Lakini magogo ya ukingoni yalikuwa yamelowa hadi kiini. Waliwasha, ukatoka moshi mtupu. Mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya ng'ambo.

Mama Tofali alijifuta macho, akautazama mkokoteni chini ya kibanda chake, mkavu kau.

"Baba Watoto, kuni za kuwashia zipo pale."

Mumewe akafuata macho yake.

"Na tukishindwa, tutarudi na nini?"

"Miguu hatuichomi."

Uzeeni alikuwa akisema kwamba mto haukuwahi kumtisha kama uso wa mumewe siku ile.

Seremala hakuchukua shoka. Alichukua nyundo, akaufungua mkokoteni kama alivyoufunga, kigingi baada ya kigingi, akampa mkewe mbao mkononi. Moto ukashika. Magogo mabichi yakafoka, yakatoa povu, kisha nayo yakakubali.

Wifi akamwambia kaka yake aache angalau magurudumu, huwezi kujua.

"Ninajua," alisema, akalibingirisha la kwanza hadi mdomoni mwa tanuri.