Karatasi ya mwisho nimefungia karanga

Leo nimeuza karanga, kumbe nimeuza na mwisho wa kitabu.

Mjukuu wangu Zawadi kaazima hadithi ya wasichana wanaotamba shuleni. Mmoja wao anaandika barua za siri kuwachongea wenzake, na hajulikani ni nani. Wiki nzima Zawadi haoshi sahani, anasoma tu.

Kitabu chenyewe kimechakaa. Karatasi ya mwisho ikadondoka jikoni, nami nikamfungia karanga fundi cherehani wa Ng'ambo.

"Bibi, sasa nitamjuaje?" Analia kama kafiwa.

Nikaenda Ng'ambo kwa miguu, jua la saa saba. Karanga fundi kashamaliza, karatasi ipo, imelowa mafuta. Nikaisoma njiani neno moja moja. Niliishia darasa la tatu, lakini nasoma.

Nafika mlangoni: "Shika. Ni Rehema, yule mpole anayewaamkia walimu mara mbili mbili. Nilikwambia mimi."

Badala ya asante, kanuna. Eti nimemharibia utamu.

Haya semeni, wa kuomba radhi nani hapa? Mkiwa mnafikiri, mimi nasikiliza sahani zikioshwa.