Jezi ya Mtani Wangu

Msimu mpya wa hoki ya barafuni ulianza Jumamosi moja ya Oktoba, mchana, jua likiwa bado na joto kidogo. Nilijua kwa sababu jirani yangu wa chini, hapa Roseville, Marekani, alitundika bendera ya timu ya nyumbani dirishani. Miaka mingine nikiiona bendera hiyo nilicheka peke yangu kwenye ngazi, nikitunga maneno ya kwenda kumchokoza rafiki yangu. Safari hii niliipita nikaenda kutupa takataka.

Sijawahi kuishangilia timu ya nyumbani. Wala hakuna timu nyingine niliyoipenda. Mimi ni Mngoni, rafiki yangu alikuwa Mhehe, na watu wa kwetu wanajua maana yake: babu zetu walipigana vita, sisi tukarithi utani. Tulikutana katika chumba cha kufulia cha nyumba moja ya kutunzia wazee, yeye akikunja mashuka, mimi nikipakia mashine. Siku ya kwanza, aliposikia natoka Songea, aliniuliza kama chakula changu cha mchana kilikuwa na mkia, maana Wangoni tunasemwa kula panya. Nikamwambia chake, cha Mhehe mla mbwa, nimekisikia kikibweka. Msimamizi wetu Mmarekani alitutazama, hakuelewa tunachekea nini.

Hoki tulijifunzia hapohapo, kwenye televisheni ya wazee. Yeye aliipenda timu ya hapa. Basi mimi sikuwa na la kufanya ila kumshangilia mgeni, yeyote atakayekuja, leo watu wa Chicago, kesho watu wa Kanada. Kwa zaidi ya miaka ishirini tuliketi sebuleni kwake, kule mji wa Crystal, tukitukanana juu ya kisahani cheusi kinachoteleza kwenye barafu. Mchezaji wangu akikosea na kupelekwa kizimbani, yeye alisema, "Huyo Mngoni. Ameiba mahindi." Timu yake ikifungwa, alivua kofia, akalifunika goti nayo, akasema kwa huzuni, "Refa mmemlisha panya." Kila mara hivyohivyo. Mkewe jikoni alikuwa anasema maneno hayo kabla yake.

Alikufa mwezi Machi, msimu haujaisha.

Kwetu, mtu akifa, mtani ana kazi. Huvaa nguo za marehemu, hutembea kama yeye, husema kama yeye, hulala njiani jeneza lisipite, mpaka waliofiwa wacheke hata kama hawataki. Mtani hapewi pole. Yeye ndiye anayebeba kicheko ambacho wenye msiba hawakiwezi siku hiyo. Bila yeye, wazee wetu walisema, marehemu ameondoka kama mgeni.

Siku ya mazishi nilivaa suti. Ukumbi ulikuwa na zulia nene na muziki wa taratibu, watoto wake wakiwa na wakwe zao wa Kimarekani safu ya mbele, wote kimya. Mjane alikuwa na mfuko wa plastiki mapajani, na ndani yake niliona rangi ya jezi ya marehemu. Alinitazama mara mbili. Nilijua alichokuwa ananingojea nifanye. Nikafikiria wale wakwe, watamwona mzee mwenye mvi anachechemea mbele ya jeneza na jezi ya hoki, watasema nini? Zamu yangu ya kusema ilipofika nilisimama nikasema kwamba alikuwa mtu mwema na mchapakazi. Maneno ambayo hata asiyemjua angeyasema. Kisha nikaketi. Hakuna aliyenizuia, ni mimi niliyeona haya.

Tangu siku hiyo mjane aliacha kuniita mtani. Akawa ananiita shemeji, kwa heshima, kama unavyomwita mtu usiyemjua sana. Alinipigia mara chache. Nami sikuenda kwake. Majira ya joto yakapita hivyo. Sikulia. Nilikula, nililala, nilikata kucha.

Jumamosi ile asubuhi simu ililia.

"Shemeji, leo mpira unaanza," alisema. "Mimi televisheni hii siijui kuifungua. Alikuwa anaifungua mwenyewe."

Nilijua anajua kuifungua. Nikasema nakuja.

Jezi ilikuwa imetandikwa mgongoni mwa kiti cha marehemu, imefuliwa, lile doa la chai kifuani lipo palepale. Mjane aliipita bila kuitazama. Alileta chai na maandazi, akaketi mwisho wa kochi, mikono ndani ya kitenge. Nikawasha televisheni. Wachezaji wakaingia barafuni, watu wakapiga makelele, na mimi sikusikia chochote ndani yangu, kama jino lililopigwa ganzi.

Kipindi cha pili niliinuka. Sijui kwa nini wakati huo. Nilivua sweta, nikavaa jezi ile. Ilinibana mabegani. Nikatoka mpaka korido, nikageuka, nikaingia tena sebuleni nikiburuta mguu wa kushoto kama alivyouburuta tangu alipoteleza kwenye theluji. Nikavua kiatu kimoja tu, kama yeye. Nikajishusha kitini kwa awamu mbili, nikigumia.

Mjane alikuwa ametulia, anatazama mbele.

Wageni wakafunga bao. Katika maisha yangu yote ya hoki, hapo ndipo ningeruka. Nilivua kofia yangu, nikalifunika goti nayo.

"Refa mmemlisha panya," nikasema.

Hakucheka. Nilidhani nimeharibu, kwamba nimeleta Oktoba kitu kilichotakiwa Machi. Kisha akasema, bila kunigeukia, "Alikuwa anaanza kwa kukohoa."

Nikakohoa. Nikarudia.

"Sivyo. Zaidi. Kama trekta."

Nikakohoa kama trekta, na hapo ndipo alipocheka, kicheko kibaya chenye mikwaruzo, mpaka akajifunika uso kwa kitenge, na baada ya muda sikuweza kujua kama bado anacheka. Sikumgusa. Si kazi ya mtani. Nilimwambia mchezaji wa kwenye televisheni, kwa sauti ya mumewe, "Piga, mwanangu, piga, unangoja barua?"

Timu ya nyumbani ilifungwa. Nilipotaka kuivua jezi, ilikwama begani.

"Iache," alisema. "Nje kumeanza baridi. Umechelewa sana, mla panya."

"Najua."

"Jumanne wanacheza tena."

Njiani nilisimama kujaza mafuta. Kwenye pampu ya pili alikuwepo mwanamume mwenye kofia ya timu. Aliiona jezi yangu, akatikisa kichwa, akaniambia kwa Kiingereza kwamba anasikitika, imeuma, lakini tutakuwa sawa. Tangu Machi hakuna mtu aliyekuwa amenipa pole. Nilimwambia asante. Aliingia ndani ya gari lake akaondoka. Pampu yangu ilikuwa imeshajifunga zamani, nami bado nimeushika mpini wake.