Yule Mdogo wa Shomari

Usiku ule sikulala. Nilizimika tu kwenye kiti mbele ya tangi la kioo, nguo zimeloa maji ya chumvi. Tumbawe la Shomari lilikuwa linakufa. Alilikuza mwenyewe kutoka kipande cha ukubwa wa kidole, hapa kituoni tunapofundisha watoto habari za bahari, na tangu tumzike Shomari, mama yake huja kila Ijumaa kulitazama. Hutazama, kisha huondoka. Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Jamani, ningemwambia nini mama wa watu?

Nikamwona Shomari ameketi kwenye kitanda cha hospitali, kile kile alichofia, lakini kitanda kimewekwa katikati ya zizi la baba yangu kule Shinyanga, na ng'ombe wanampita pembeni. Shati lake limeloa mpaka viwikoni.

"Mtani," akaniita. Yeye Mzaramo, mimi Msukuma, na utani wetu haukuwa wa mchezo. Hata msibani kwake niliigiza kikohozi chake, watu wakacheka huku wanalia. "Mtani, nilikuachia nani?"

"Yule mdogo," nikajibu haraka.

Ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho kwangu: mtunze yule mdogo. Tangini walikuwa wamezuka konokono wadogo wenye magamba ya vinundu, ambao hatukuwajua ni wa aina gani. Tulibishana juu yao kutwa, mimi nikitaka watolewe, yeye akisema tuwatazame kwanza. Nikadhani ndio anaowasema, basi alipokufa nikawatunza konokono wale kama mboni ya jicho. Adui nikamtafuta kwingine. Nikabadili maji, nikapunguza taa, nikawafukuza kaa wasio na hatia, na tumbawe likazidi kukonda.

Shomari ananitazama. Ng'ombe hawapo tena. Tumo ndani ya tangi, maji yanatufika kidevuni, yeye hapumui, nami naona aibu kupumua mbele yake.

"Tumbawe nilikuwa namwitaje?"

Yarabi! Sisi wote tunasema tumbawe lile, kama tunavyosema jiwe lile. Shomari peke yake alisema tumbawe huyu, maana ni mnyama, ana mdomo, anakula. Tulimcheka sana, tukamwambia Kiswahili chake kimeota kutu. Yule mdogo hakuwa konokono.

"Nimewalisha konokono mwanao," nikalia. "Mtani, nimewalisha mwanao kwa mikono yangu."

Anacheka kidogo, kicheko kile cha kukohoa. Kisha hacheki.

"Palipokufa pamekufa. Vunja panapoishi, upande upya."

"Siwezi. Hili ndilo pekee lililobaki la mkono wako."

"Vunja, Msukuma wewe. Mimi nilishazikwa."

Nikaamka shingo imekakamaa, jua limeshaingia dirishani. Nikaliinua tumbawe. Chini ya shina, mahali ambapo sikuwahi kutazama, konokono walikuwa wamejazana, na kila walipopita pamebaki mfupa mweupe mtupu. Niliwabandua kwa kibano mmoja mmoja, nikiwatukana kwa Kisukuma. Tawi moja tu la juu lilikuwa bado na nyama. Nikachukua koleo, nikalishika, na mkono ukagoma.

Mama Shomari alinikuta hivyo, machozi yananitiririka.

"Unalivunja la mwanangu?"

"Ameniagiza mwenyewe, mama. Leo usingizini. Nisipolivunja linakufa lote."

Nilidhani atanipiga, na angenipiga ningekubali. Akafunga kanga yake vizuri kifuani, akakunja mikono ya gauni, akazamisha mikono yake majini na kulikamata shina ili lisitikisike.

"Haya," akasema.

Nikavunja.