Hawa Aliyeambiwa Atakufa

Hawa alikuwa muuza mawese katika soko la Kasuku, hapa Kindu. Vita vilipofunga barabara, mumewe Bulaimu alichukua baiskeli akaenda kutafuta chumvi upande wa mji mdogo wa Kama. Hakurudi. Hawa akabaki na Rehema, mtoto wao wa pekee, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameachishwa ziwa.

Njaa ilipozidi, Hawa na wanawake wengine walitoka mjini kwenda kuchuma sombe, majani ya muhogo, katika mashamba yaliyoachwa. Wakakutana na wanaume wenye bunduki. Waliyotendewa huko, Hawa hakumsimulia mtu. Alirudi bila sombe, akamwogesha mtoto, akabandika chungu cha maji matupu ili majirani waone moshi.

Vita vilipokwisha, mwili wake ukaanza kukonda. Muuguzi mmoja, Mama Odile, alimpima damu, yeye na mtoto.

"Mama Hawa, iko sida mu damu yako."

"Na mutoto?"

"Mutoto iko salama."

"Mimi nitaishi mpaka lini?"

Odile akatazama dirishani. Wakati huo dawa za kupunguza makali ya UKIMWI zilikuwa hazijafika Kindu.

"Mwaka moja. Labda mbili. Panga mambo ya mutoto."

Hawa akayapanga. Mdogo wake Sofia aliishi Kalima, ambako mumewe alichimba madini, na hawakujaliwa kuzaa. Sofia alipokuja, Hawa alimfunga Rehema mgongoni mwa mdogo wake kwa kitenge chake mwenyewe.

"Usimwambie kama kuko mama mwingine," alisema. "Sitaki mutoto wangu anizike."

Akakaa kungojea kifo. Aligawa sufuria zake. Fundi cherehani Soudi alipoleta maneno ya ndoa, alimfukuza bila kumweleza sababu. Mwaka ukapita, na mwingine. Alikuwa amebaki mifupa siku Odile alipokuja nyumbani kwake mbiombio.

"Simama, Hawa! Dawa imefika!"

Alimeza. Nyama ikarudi mwilini, akarudi sokoni. Alipopata nguvu za safari, alikwenda Kalima. Rehema alipomwona alijificha nyuma ya Sofia.

"Mama, huyu ni nani?"

Sofia alimtazama dada yake, machozi yakimlenga. Hawa akachutama.

"Mimi njo mama yako mukubwa."

Alijiambia kwamba dawa zinaweza kukatika, kwamba labda mwaka ujao atakufa, na mtoto ataumia mara mbili. Mwaka uliofuata alijiambia hivyo hivyo. Rehema akaanza shule, akavunja ungo, akaolewa. Harusini Hawa alipika wali.

Siku moja alimwuliza tena Odile swali lile la zamani. Odile akacheka.

"Ukimeza vizuri, utazeeka kama mimi!"

Hawa akalia mpaka akakaa chini. Odile alidhani ni furaha.

Sofia, ambaye hakuwa na ugonjwa wowote, ndiye aliyetangulia. Homa ilimchukua. Kabla hajakata roho alimwambia Rehema kila kitu. Baada ya matanga Rehema akaja Kindu kwa pikipiki, mtoto mchanga mgongoni.

"Ulizania utakufa, hiyo nimeielewa," alisema. "Lakini ulipopona?"

"Kila mwaka nilisema njo wa mwisho."

"Miaka hii yote?"

Hawa alitaka kumgusa mkono, akaogopa. Rehema hakupaza sauti.

"Mimi nimezika mama yangu kule Kalima. Sina machozi ya kuanza na mwingine."

Alikula, akalala, asubuhi akaondoka.

Sokoni watu humwambia Hawa kwamba Mungu amempenda, kwa kuwa wenzake wa siku zile wote wamekwenda. Yeye hujibu ndiyo, akiendelea kupima mawese. Siku za Idi Rehema hupiga simu.

"Mama mukubwa, unakunywa dawa?"

"Ninakunywa, mwanangu."

Kisha hunyamaza wote wawili, kila mmoja akisikia pumzi ya mwenzake, mpaka yuniti za simu zinakwisha.