Begi Nyuma ya Mlango

Simpendi mama mkwe wangu, na sitajisingizia hapa kwamba nampenda. Yeye naye hanipendi, kwa hiyo tuko sawa.

Nilizaliwa ng'ambo, Kongo, na utotoni nilikimbia vita mara mbili bila hata kanga ya kujifunika. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ndiyo maana nyumbani kwetu Mvara, mjini Arua, Uganda, pana begi nyuma ya mlango, na kila safari naenda nalo: tochi, kiberiti ndani ya plastiki, dawa ya kusafishia maji, biskuti, nguo kavu, vyeti vyangu, na pampu ya pumu ya binti yangu wa miaka sita.

Masika ile nilimpeleka binti Ludara, upande wa Koboko, akamsalimie bibi yake. Mume alibaki Arua kazini. Mama mkwe aliliona begi kabla hajaniona mimi.

"Bibi yenye begi yake iko tayari," aliwaambia majirani, kwa Kiswahili chao, ambamo bibi ni mke, ili nami nisikie, "iyo iko bibi ya kutoroka."

"Ni la mafuriko, mama."

"Mafuriko iko wapi? Mimi naona jua tu."

Wakacheka. Nilitamani kummwagia chai.

Asubuhi ya kuondoka alilichukua begi akaingia nalo ndani. Kwao mgeni haondoki na mfuko mwepesi, kwa hiyo sikushuku kitu. Lilitoka zito, limefungwa kwa kamba. Nikashukuru kwa meno tu.

Boda ilitufikisha kwenye kijito kabla ya Koboko. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, na daraja la magogo halikuonekana. Binti akaogopa maji, akalia, kifua kikaanza kupiga filimbi. Nikakata kamba. Unga wa muhogo. Kopo zima la odii, ile siagi ya simsim na karanga. Samaki wakavu. Pampu hakuna, na midomo ya mwanangu inageuka rangi.

Nilimlaani mwanamke yule kwa lugha zote ninazozijua. Dereva aligeuza pikipiki bila kuambiwa.

Tulimkuta ameketi mkekani, vitu vyangu vyote amevitandaza mbele yake. Niliinyakua pampu. Binti akavuta mara moja, mara ya pili, nami nikahesabu pumzi zake mpaka midomo ikarudi kuwa midomo. Ndipo nikamgeukia.

"Ungemuua!"

Machozi yake niliyaona, na hayakunigusa.

"Dawa ile mimi sikujua. Nilitoa vitu, unga ipate nafasi." Akainua gauni langu, kisha sweta ya mtoto, kisha bahasha ya vyeti. "Lakini niambie. Nguo yako iko. Ya mtoto iko. Karatasi yako iko. Shida ikikuja, mtoto yangu atavaa nini?"

Nilitazama mkeka. Hata soksi moja ya mume wangu haikuwepo. Miaka minne nimelifunga na kulifungua begi lile, na sikuwahi kumkumbuka.

"Yeye mtu mzima," nikasema. "Atakimbia mwenyewe."

Alianza kurudisha vitu vyangu ndani ya begi, kimoja kimoja.

Siku hizi pampu naiweka kwenye sidiria. Begi bado liko nyuma ya mlango, na mume wangu hulipita kila asubuhi akienda kazini. Soksi zake ziko kabatini. Sijazihamisha.